Jina la Cormac Tierney

Kilbrannock, 3 Aprili 1989

Mwanangu Fintan,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na unakula vizuri, maana mama yako ananiuliza mimi kila siku unakula nini, kana kwamba mimi ndiye mpishi wako huko New York. Sisi hatujambo. Goti langu linauma mvua ikikaribia, yaani kila siku. Mgonjwa hapa ni timu.

Jana kwenye mpira wa fimbo tumefungwa tena. Na nani? Na watu ambao babu yako alikuwa akiwachapa huku kiko kikiwaka mdomoni. Tumeshuka daraja la pili la ligi. Kaunti hii, yenye vikombe mpaka kabati la ukumbi wa parokia halifungi! Kipindi cha pili mashabiki walianza kuondoka, na Padri Garvey alikuwa wa kwanza, eti ana mgonjwa wa kumpaka mafuta. Nilimwambia mgonjwa ni huyu hapa uwanjani, Padri, mpake huyu.

Vijana mmekwisha wote. Wako London, wako Boston, wako huko kwako. Namba sita tumemweka kijana wa posta. Anakimbia vizuri sana, tatizo anakimbilia kwingine.

Sasa sikiliza. Tarehe 18 Juni tunaanza mashindano ya ubingwa na majirani wa ng'ambo ya mto. Tangu nizaliwe hawajatufunga kwenye ubingwa, hata mara moja. Mwaka huu wanacheka waziwazi. Kwenye mnada wa ng'ombe mmoja aliniambia, "Malachy, safari hii njooni na leso." Wateuzi wenzangu wa timu ya kaunti wameniambia nikuandikie. Haya, nimekuandikia. Njoo ucheze.

Ni mimi baba yako,
Malachy


Bronx, 16 Aprili 1989

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mwambie mama ninakula, na nyama ya hapa ni kubwa kuliko sahani. Kazi ya ujenzi inaendelea, mikono imekuwa kama ya babu.

Barua yako niliisoma nikacheka, kisha nikakasirika. Ni wewe uliyeinua mkono mwaka juzi ili niachwe kwenye timu. Kura ilikuwa mbili kwa mbili, na ya tano ikawa yako. Nilisikia baa, kwa watu, si kwako. Ulirudi nyumbani ukanywa chai, ukaniuliza kama nimewafungia ndama. Ndiyo maana nilipanda ndege. Leo mnakumbuka nina mikono?

Lakini mechi yenyewe ni ya majirani, baba. Hapo umenipata. Nitakuja.

Na kuhusu ile sheria, kwamba ukishacheza Marekani msimu huu basi nyumbani huchezi mpaka mwakani, usiwe na wasiwasi. Jina langu ni safi.

Wako,
Fintan


Kilbrannock, 1 Mei 1989

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo, na goti pia limetulia tangu barua yako ifike.

Kuhusu mwaka juzi: ulikuwa mzito. Ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningeinua mkono vilevile. Na ningekubakiza, kaunti nzima ingesema Malachy Delahunt anagawa jezi kwa damu yake. Basi, hayo yameisha.

Nimewaambia watu unakuja. Kinyozi hakutaka hela yangu! Mazoezini wametokea watu ambao tulidhani wameshakufa. Juzi vijana walirudishiana mpira kwa nguvu mpaka fimbo mbili zikavunjika, na mimi niliyezichonga nikafurahi.

Na bado, utamu wenyewe huu hapa. Unamkumbuka Cormac Tierney, mpiga pointi wao, yule mwekundu wa nywele, timu yao nzima ni yeye? Amefungiwa! Gazeti la Waairishi wa huko kwenu limeandika kwamba alicheza Bronx Jumapili ile ya baada ya Pasaka. Yeye analia kwamba siku hiyo alikuwa zizini anamzalisha ng'ombe. Hana shahidi ila ng'ombe mwenyewe. Nimecheka hadi mama yako akaniambia nina roho mbaya. Nikamwambia roho yangu nitaitubia tarehe 19 Juni.

Baba yako


Bronx, 10 Mei 1989

Baba,

Shikamoo. Barua hii isome peke yako, tafadhali.

Yule ni mimi.

Jumapili ile timu ya hapa ilipungukiwa watu. Mwenye timu akaniambia, cheza, usiogope, tutakuandika jina lingine. Hapa kila mtu anacheza kwa jina la kukopa, ni kama kuazima koti. Akasema Cormac Tierney alikuwa hapa majira ya baridi, kadi yake ya usajili bado ipo, na yeye amehamia kazi Chicago. Sikujua amerudi nyumbani. Naapa kwa Mungu sikujua. Nilikubali kwa sababu moja tu, ili jina langu libaki safi, siku yoyote mkiniita nije kuwachezea nyinyi; barua yako ilikuwa bado haijafika.

Nimefunga pointi saba siku hiyo, baba. Ndiyo maana wakaandika gazetini.

Hakuna anayejua ila mwenye timu, na yeye hatasema. Nifanye nini? Nikisema, mimi nimefungiwa na yeye anacheza. Nisiposema, mimi nacheza na yeye anakaa jukwaani kwa kosa langu. Silali vizuri. Nijibu upesi.

Fintan


Kilbrannock, 19 Mei 1989

Fintan,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako nimeichoma. Hii nayo ichome.

Nyamaza. Umesikia? Hukumuua mtu. Huyo kijana ana miaka ishirini na moja, atacheza mwakani na mwaka utakaofuata mpaka achoke. Sisi tukifungwa tarehe 18 hakuna mwakani. Hakuna mtoto Kilbrannock atakayeomba fimbo tena, wataomba mpira wa miguu na picha za wachezaji wa Uingereza ukutani. Nimeuona ukumbi wetu ulivyo: vikombe vimeshika vumbi, na waliovileta wanakufa mmoja mmoja. Sitaki nife mimi ndiye niliyezima taa.

Jumanne alikuja karakanani Mossie Tierney, baba yake. Alikuja kuchukua fimbo niliyomchongea kijana tangu Februari. Unajua kwangu mimi fimbo haina kaunti, majirani nao nawachongea. Nikamwambia, Mossie, si lazima uichukue, kijana hachezi. Akasema, "Nitaichukua. Itakaa ukutani." Kisha akaniangalia, akasema, "Malachy, kijana wangu hajawahi kunidanganya. Lakini kijiji kizima kinaniambia amenidanganya, na mimi nimeanza kuamini." Akaomba radhi kwa kunisumbua. Mtu mzima, ananiomba radhi mimi!

Lakini wewe njoo. Nimeshasema. Njoo tu.

Baba


Bronx, 28 Mei 1989

Baba,

Shikamoo. Tiketi nimeshakata. Nafika uwanja wa ndege wa Shannon Ijumaa tarehe 16, asubuhi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kuichoma. Wewe ndiye baba na wewe ndiye mteuzi. Ukisema nicheze, nitacheza, na nitacheza kweli, watanitoa uwanjani kwa machela. Mechi hii naitaka kuliko unavyodhani. Kila mpira ninaopiga hapa, kichwani nauona uwanja wetu.

Ila mwaka juzi uliniacha ili watu wasiseme. Sasa unanipanga kwa sababu watu hawajui. Sielewi, baba. Pengine mimi ni mjinga.

Naomba jambo moja tu. Usinijibu kwa barua. Nikishuka kwenye ndege, niangalie usoni uniambie, "Cheza."

Mwanao,
Fintan


Kilbrannock, 20 Juni 1989

Mwanangu Fintan,

Natumaini umefika salama. Mama yako anasema mfuko wa mkate aliokuwekea uliusahau mezani. Mimi nadhani hukuusahau.

Uliondoka Jumamosi alfajiri bila kwaheri, na sikulaumu. Lakini hujui kilichotokea mle ndani ya kikao, kwa hiyo nakuandikia.

Pale Shannon nilitaka kulisema hilo neno. Nililifanyia mazoezi kwenye gari njia nzima, mama yako ni shahidi, alidhani naongea na usukani. Ukatokea na begi lako na fimbo begani, umenenepa mabega, ukasimama mbele yangu ukingoja. Nikakuangalia nikamwona Mossie Tierney amesimama karakanani ananiomba radhi. Ndipo nikakwambia twende kwanza tukapite kwenye kikao cha kamati, na wewe ukajua, maana hukuuliza njia nzima.

Nikaingia, nikakuacha garini. Nikawaambia wote waziwazi: aliyecheza Bronx ni mwanangu, kijana wa watu mfungulieni. Mwenyekiti akasema, "Malachy, kaa chini, hujasema kitu, na sisi hatujasikia kitu." Akaniambia hivyo mara mbili. Nikamwambia nimesema, na usiposikia wewe, simu iko pale, watasikia ng'ambo ya mto. Mmoja, na tumesoma naye darasa moja, akaniita Yuda. Nikaomba simu, nikampigia Mossie mwenyewe. Nilisikia tu anamwita kijana kwa sauti, "Cormac! Cormac!" kama mtu anayewaita watu watoke shambani, nyumba inaungua.

Jumapili ulikuwa umeshafika huko, nadhani. Tumefungwa. Pointi moja. Mtoto wa posta, masikini, alicheza kama simba, sikutegemea. Tulikuwa sawa mpaka dakika ya mwisho, mpira ukamwangukia Tierney karibu na mstari wa pembeni, pembe mbaya kabisa, akageuka akapiga. Nilijua kwa mlio kwamba umeingia. Ni fimbo yangu ile. Nilichagua mwenyewe ule mti, nikaukata kwenye shina pale mizizi inapopinda, ili usivunjike.

Watu wetu walisimama tu, kofia mkononi, kama wako mazikoni. Mara ya kwanza kufungwa nao tangu nizaliwe. Mimi nikapiga makofi. Yalinitoka tu. Mtu wa nyuma yangu akanitemea mate kwenye koti.

Uteuzi nimevuliwa. Dirisha la karakana limevunjwa, mama yako ameziba kwa gazeti. Kinyozi sasa anataka hela, na amepandisha bei. Wewe umefungiwa mwaka mmoja, barua yao utaipata. Nimekunyang'anya mechi mara mbili sasa, na uchungu nilionao mwanangu sina pa kuuweka.

Jana jioni Mossie alikuja na trekta. Hakuingia ndani. Alishusha magogo ya ash, ule mti wa kuchongea fimbo, yaliyopasuliwa vizuri, makavu ya miaka mitatu, mti ambao mtu anauficha hata kwa ndugu yake. Akasema, "Ya kijana wako." Akaondoka.

Nimelichagua gogo moja. Nataka kuanza kuchonga lakini sijui kama una haja. Zamani ulikuwa unatumia fimbo ya inchi thelathini na tano. Ukinyamaza nitaelewa.

Baba yako,
Malachy


Bronx, 2 Julai 1989

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama anisamehe, mkate wake niliuacha kwa hasira na nimeujutia tangu ndege ilipopaa.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mwenye timu wa hapa hanisalimii tena. Jumapili iliyopita nilikaa kwenye nyasi nikawaangalia wenzangu wakicheza, nikalia kama mtoto, na watu waliona.

Mwambie mtoto wa posta aitunze vizuri ile jezi namba sita. Juni mwakani kifungo kikiisha naifuata, hata kama tutakuwa tunachezea malishoni mbele ya ng'ombe.

Thelathini na sita, baba. Mabega yameongezeka, umeona mwenyewe.

Mwanao,
Fintan