Kitabu Kilichokuita "Mazoezi"

Dada Aikande,

Nakusihi, haya yabaki kwako. Usimwambie hata baba yako, ingawa sasa mmelala jirani pale kihambani, kwenye shamba la ukoo wenu, Masama. Ikijulikana nilichofanya na funguo za chumba cha mafaili, kazi sina.

Wiki mbili baada ya kukuzika, nilikuwa kwenye kikao cha wakuu wa idara, naandika muhtasari kama kawaida. Mganga Mfawidhi akasema chumba chako kigeuzwe stoo na nafasi yako isijazwe, maana kwenye kitabu cha wagonjwa, kazi yako, tiba kwa vitendo, haina mgonjwa hata mmoja.

Hata mmoja! Dada, kalamu iliniponyoka. Kitabu kile nakiandika mimi. Wagonjwa wako wote niliwaandika "Mazoezi", safu ya wale wa kunyooshwa viungo, kama alivyofanya karani aliyenitangulia. Ulinikanya: "Manka, mazoezi yananyoosha mkono. Mimi nataka mkono huo urudi kumenya ndizi." Nikakujibu, "Si ni yale yale, dada?" Ukacheka. "Haya, na wewe kuanzia leo nakuita mgonga mihuri."

Baadaye hukucheka tena. Ulikuwa peke yako, foleni hadi kwenye ngazi, na kila aliyechungulia aliuliza kama hapo ndipo kwa mazoezi. Siku moja nilikukuta umelaza kichwa mezani, chai imepoa. Ukasema, "Nimechoka mpaka jina." Nilidhani ni usingizi. Nisamehe. Mwezi uliofuata homa ikakuchukua, nami sikuwa nimebadilisha hata mstari mmoja.

Uamuzi ukasogezwa hadi kikao cha Ijumaa iliyofuata. Kila mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua funguo bila ruhusa nikafungua mafaili yako. Yule mama wa Chekereni aliyepooza upande, uliyemtengenezea kibao chenye misumari miwili: ndizi inachomekwa, inatulia, anaimenya kwa mkono mmoja. Nilimwandika "Mazoezi". Fundi cherehani wa Kibosho uliyemfundisha upya kushika mkasi. "Mazoezi". Nililia, nikazifuta karatasi zako kwa kanga.

Ijumaa nikasimama. Mganga Mfawidhi akasema, "Karani, wewe andika." Nikajibu, "Ndilo kosa lenyewe, daktari. Sikuandika."

Kisha nikawasomea, bila majina ya wagonjwa, kazi moja baada ya nyingine: kumenya, kushona, kufunga vifungo vya shati, kukamua ng'ombe. Mara mbili nilipoteza mstari nikaanza upya. Muuguzi Mkuu akasema, "Endelea, mwanangu." Hakuna aliyeuliza nimeyatoa wapi.

Dada, tumeshinda! Chumba kimebaki. Kitabu kina safu yenye jina la kazi yako, kamili, kwa wino. Wamekuja wawili kushika nafasi yako, kijana na binti. Jana mgonjwa alimwita binti "dada wa mazoezi", naye akamweleza taratibu yeye ni nani, kichwa juu. Saa saba wanafunga mlango, wanakwenda kula. Mwanzoni iliniuma, kwa kuwa wewe hukuwahi kutoka kwenda kula. Sasa nawahimiza watoke.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, hakuna mtu nitakayemwandika tena kabla sijamuuliza anafanya nini.

Ukiwa na la kunisahihisha, usinijie ndotoni, nitapiga kelele. Njoo mchana, mapokezi, dirisha la pili kutoka mlangoni. Taja jina lako na kazi yako. Nitaandika vilevile utakavyotamka.

Manka