Kidonge cha Asubuhi

Kaka yangu,

Paa halivuji tena, na goti la mama limepata nafuu. Cherehani ya marehemu mdogo wetu nimeifunika shuka.

Unauliza kama aliuawa na zile dawa za sonona alizopewa zimsaidie kuacha kokeini. Daktari alituonya kwamba zikichanganyika na kokeini, moyo unaweza kuvurugika. Kila tulipokwenda kliniki aliuliza, "Bado anatumia?" Mdogo wetu aliinama, nami nikamjibia haraka, "Ameacha kabisa, daktari."

Unga wa kokeini nilikuwa nimeukuta kwenye droo yake ya nyuzi. Niliona aibu kumwambia daktari, kaka. Asubuhi ile nilimpa kidonge kwa mkono wangu, nikasimama mpaka akameza. Saa nne aliangukia cherehani.

Mama kila akiomba anamlaani daktari, nami naitikia amina.

Mdogo wako