Kinyonga kwenye mpera

Dongobesh, Jumamosi, Machi 2004

Hataki nimshike mkono. Hilo limenikera tangu tuliposhuka kwenye basi la kutoka hospitali ya Haydom. Mume wangu amefunguliwa bandeji jana, jicho moja tu ndilo lililofanyiwa upasuaji, na tayari anatembea kama mtu ambaye hakuwahi kuugua.

Mchana tukaenda bustanini. Nikaanza kumwuliza. "Hii ni nini?" Akasema mnavu. "Na hii?" Akasema figili. Alipatia yote, lakini kila jani alilifikicha kwanza, akalinusa. Ndivyo alivyokuwa akitudanganya zamani kwamba anaona, kumbe anapapasa. Niliogopa kwamba upasuaji haujasaidia kitu, naye ananificha ili nisihuzunike.

Nikainama chini ya mpera kung'oa magugu.

"Mama Elia, tulia hapo hapo," akasema kutoka kwenye tuta la maharage. "Kuna kinyonga juu ya kichwa chako, kwenye tawi."

Niligeuka polepole. Niliona majani tu. Nikatazama tena, ndipo nikamwona, kijani kama jani lenyewe, mguu mmoja ameuinua.

Nilibaki pale pale, magugu mkononi. Yeye alidhani nimeogopa, akaja kumwondoa kwa kijiti, huku akicheka.

Jicho la pili bado, na sijui kama nalo lita... Mungu anajua. Leo ninashukuru tu. Mimi mwenye macho mazima mawili sikumwona yule kinyonga.