Mechi ya Kumtibu Delmar

Kaka Delmar,

Kitanda kinasemaje? Mimi mzima, na bado mzuri kuliko wewe. Vijana wangu wa lakrosi, mchezo wetu wa mpira wa fimbo zenye wavu, hapa chuoni wameingia fainali. Kocha wao nani? Mimi, niliyeshindwa kumaliza shule.

Mama kasema umeomba Jumamosi uchezewe mechi ya tiba, ile ya lakrosi tuliyoachiwa na mababu, tunayowachezea wagonjwa wetu bila kujali nani kashinda. Fainali ni siku hiyohiyo. Mkurugenzi akaniambia, "Vernon, ukienda, kazi huna."

Nikamjibu, "Bosi, mchezo huu ulikuwa dawa kwetu kabla chuo chako hakijajengwa."

Ile fimbo ya mti uliyonichongea nimeshaipakia garini. Basi nisubiri. Ukifa kabla ya Jumamosi, nitakuwa nimefukuzwa bure.

Mdogo wako asiye na kazi,
Vernon