Hesabu Zilizosomwa Katika Shamba la Mwani

Chole, Mafia
28 Novemba 2020

Mpendwa kaka Shaabani,

Shikamoo kaka. Wifi na watoto hawajambo? Na kile kikohozi chako kimekuachia? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama anakula na anagomba, basi mzima.

Habari kubwa ninayo, ila naiweka mwisho. Nakujua, ukiipata mapema huku kwingine hutasoma.

Korona ilipofunga shule mwezi wa tatu, nilimwogopea Zuena wangu, maana ndiyo yuko la saba. Baba yake, Kombo, akaanza: asiposoma, akifeli, aende Kilindoni kufanya kazi za ndani. Nikamwambia thubutu!

Masomo yao yakawa redioni, saa nne asubuhi. Na wewe wajua, siku za bamvua maji hukauka saa hiyo hiyo, lazima twende kwenye mwani. Zuena akibaki nyumbani, mama anahamisha stesheni kusikiliza matangazo ya vifo. Basi nikaitia redio ndani ya dumu lililokatwa, nikaitundika kwenye kigingi katikati ya shamba. Mtoto anafunga mwani, anajibu kwa sauti.

Wenzangu walinicheka, Kidawa kuliko wote, eti Mwanamkuu kafungua shule baharini. Wiki ya pili wakaleta watoto wao. Kila mmoja kwenye kamba yake, mbali na mwenzake kama tulivyoagizwa kwa ajili ya Korona, wanakokotoa kwa kijiti mchangani. Kidawa huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwanyamazisha.

Siku moja boti ya Hifadhi ya Bahari ikapita inanguruma. Nikawapigia kelele, zimeni mashine, hesabu za sehemu zinasomwa! Wallahi walizima, wakaelea hapo mpaka kipindi kikaisha. Bwana mmoja kwenye boti akajibu swali la redioni, akakosea, Zuena akamsahihisha. Nilicheka mpaka nikakaa majini.

Haya, sasa. Jana mwalimu mkuu kaja nyumbani mwenyewe: Zuena amefaulu mtihani wa la saba! Wasichana wote wa shule kawapita. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kombo sasa anazunguka nyumba kwa nyumba, “mwanangu, mwanangu.” Namwacha aseme. Lakini wewe ndugu yangu nakwambia: nimemsomesha mimi, maji yamenifika magotini.

Nisalimie wifi na mwanao Hemedi. Mama anakuombea dua kila sala. Mola akuzidishie afya na akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanamkuu,
mama wa mwanafunzi wa sekondari