Mchanga Uliong'aa Sebuleni

Mjukuu wangu Neema,

Hatujambo, na babu yako bado anagombana na nyani shambani Litapunga. Umeuliza nani alibomoa sebule yetu. Ni mimi.

Nilipoolewa, sisi wanawake tulichota mchanga laini kwenye lundo la mgodi wa zamani, tukapaka kutani, ukang'aa. Usitucheke. Mwaka huu wataalamu wamekuja kuliondoa lundo lile, wakisema lina sumu. Wakauliza kama kuna mchanga uliokwenda kwingine. Sote tukanyamaza. Nani anataka nyumba yake ibomolewe?

Jioni nikamkuta mdogo wako ameegemea ukuta, analamba vidole vyenye vumbi.

Asubuhi nikawaambia wataalamu, "Anzeni kwangu." Kufika mchana, kila mlango ulikuwa na mama anayewaita.

Ukuta mpya haung'ai. Mdogo wako anauegemea atakavyo.

Bibi yako,
Matilda