Alama Kwenye Kioo cha Gopal

Kiogoro, 4 Juni 1946

Shemeji Jeconia,
Nakusalimu. Sisi wazima, ila Margret anaota meno na usingizi nimeusahau. Mama yenu Zilpa mguu bado unamsumbua. Wewe na mafua yako ya Nairobi?

Ndugu yako Okoth yuko mahabusu. Duka la Gopal lilivunjwa, mwizi akaacha alama za vidole kwenye kioo cha dirisha. Zikaletwa ofisini kwenu, jibu likarudi na jina la Okoth na namba ya kipande chake, kile cheti cha kazi cha kuvaa shingoni. Shemeji, usiku ule Okoth alikuwa hapa akimbembeleza mtoto! Kesi ni tarehe 28. Wewe ndiwe karani wa vidole. Kazi yenu haikosei?

Mdogo wenu Fred hajatutupa. Amemletea Margret blanketi jekundu.

Shemeji yako,
Bonareri

Nairobi, 11 Juni

Shemeji Bonareri,
Mafua yamepona. Poleni sana.

Vidole havikosei. Hata ndugu wa tumbo moja mistari yao haifanani. Wazungu ndio wanaosifiwa, lakini namna ya kupanga kadi, hata upate moja kati ya maelfu, iliwekwa na makarani wawili wa Kalkuta, Haque na Bose. Makarani kama mimi! Kadi ya Okoth ni ile ya 1938, alipoandikishwa kipande, nimeishika mwenyewe. Inalingana na kioo. Mwambie akiri, apunguziwe.

Shemeji yako,
Jeconia

Kiogoro, 17 Juni

Shemeji,
Salamu leo zinanikwama, lakini nakusalimu.

Nilimsomea Okoth barua yako kwenye dirisha la mahabusu. Alicheka, wewe! "Mwaka wa kipande nilikuwa na malaria. Baba akamtuma Fred aandikishwe na kuweka vidole kwa jina langu, nisikose kazi ya majani chai. Nilipopona nikakivaa shingoni."

Nawe ulikuwa nyumbani, shemeji. Ulijua.

Mama Zilpa anasema, "Okoth ana nguvu, atamaliza kifungo. Fred ni mtoto." Mtoto gani wa miaka ishirini na minne? Nimempikia Fred tangu niolewe, nampenda. Lakini kila mtu na mkono wake. Mwambie mkubwa wako wa kazi kwamba Okoth achukuliwe vidole upya.

Shemeji yako,
Bonareri

Kiogoro, 24 Juni

Shemeji,
Hujambo? Hujajibu. Kesi ni Ijumaa.

Bonareri

Kiogoro, 3 Julai

Shemeji Jeconia,
Natumai u mzima, na kazi bado unayo. Barua yako sikuiona, lakini simu ya ofisi yenu ilifika Alhamisi. Sajini akampaka Okoth wino vidole vyote kumi. Havikulingana, wakamwachia.

Fred alikwenda kituoni mwenyewe kabla hawajamjia. Chakula chake nampelekea mimi. Mama Zilpa hanisemeshi, ila leo alinipa mayai mawili, "ya yule."

Wakikufukuza, njoo. Sahani yako ipo.

Blanketi nimelirudisha dukani. Gopal akaniuliza, "Mama, sasa toto lala na nini?"

Nikamwambia, "Na baba yake."

Shemeji yako,
Bonareri